Batoto Wanaojifunza Kupamba Nyumba Washike Kaye



Zamani mutoto wa mufanyakazi wa mugodi alijua njia yake mapema. Baba alimuombea nafasi ku shule ya kampani, akatoka mekanisie ao fundi wa umeme, akaingia palepale baba yake alitumika. Leo ile njia imekuwa nyembamba. Mu familia mingi za Kolwezi, za Likasi, za Kipushi na za Lubumbashi, batoto wanachagua kazi ingine, na moja ya hizo kazi ni kupamba nyumba ndani, ile wanaita dekorasyo. Wanajifunza kupaka rangi, kushona rido, kuweka karo na plafo, kupanga taa na viti, na kuchora ku karatasi namna chumba itakuwa mbele haijatengenezwa. Wengine wanaenda mbali, ku Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa. Wengine wanabaki hapa, sababu Lubumbashi nayo iko na shule ya Beaux-Arts tangu 1951. Na wengi zaidi hawapiti mu shule kubwa hata moja: wanajifunza ku mashini ya mama mushonaji, ao nyuma ya fundi wa rangi, wakibeba ngazi yake.

Ni kazi ya heshima. Lakini tuko na neno ya kusema juu yake, na tunaisema kwa wazazi kwanza, sababu wao ndio wanalipa minervali.

Hawa batoto wanafundishwa mukono na macho. Sikio na kaye, kidogo sana. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili akuonyeshe kazi yake: atakuletea mchoro muzuri, na rangi zake, na kivuli chini ya meza. Kisha umuulize: hii chumba iko na metre ngapi, nani alipima, siku gani, mwenye nyumba alisema nini, na ile maneno yake iko wapi? Wengi watakuonyesha kichwa: "Iko hapa." Ao watatoa telefone na kutafuta mu mesaji mia tatu, kati ya foto za ndoa na za mupira. Wanazani kuandika habari ya kazi, kuipanga na kuifikisha kwa mwingine ni kazi ya klake mu biro. Sisi tunasema ni nusu ya kazi yenyewe, na ni ile nusu inayokula pesa ya bantu.

Tutwae mufano. Mama wa nyumba anataka saluni ipakwe rangi ya majani, ile ya polepole, ya kupumuzisha macho. Anamwambia bwana yake. Bwana eko anatoka posti ya usiku, usingizi mu macho, anamupigia fundi na kusema: "Mama anataka majani." Fundi eko juu ya ngazi ku nyumba ingine, anamwambia mwanafunzi: "Nenda ununue vert, bidoni mbili." Mwanafunzi anaenda, muuzaji anamupa ile iko karibu ku mukono. Jioni mama anafungua mulango, na saluni yake imekuwa sawa na kamyo ya jeshi. Nani alikosa? Kila mutu alibeba neno mbio na kwa moyo muzuri. Bidoni ikishafunguliwa, magazini haiirudishi. Ile pesa, ni pesa ya mushahara wa mwezi, ao ya likelemba ya mama, ao ya dekonte ya baba aliyemaliza kazi. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka Gécamines kwa départ volontaire mu myaka 2003 na 2004; wale walioweka ile pesa mu nyumba wanajua kama haikuja mara ya pili.

Tusimame kidogo juu ya ile neno "majani", sababu ndani yake iko fundisho kubwa. Kiswahili yetu iko na majina machache ya rangi: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Ingine tunaazima ku bintu: rangi ya majani, rangi ya chungwa, rangi ya udongo, rangi ya maziwa. Haiko aibu, ni luga ya bantu wanaotazama dunia yao. Lakini majani gani? Sombe wakati inachipuka, ao muembe mu kiangazi na vumbi juu yake? Wanamugodi wanajua malakite: jiwe moja tu, mustari moja unawaka, mwingine unakaribia kuwa mweusi, na bote tunaita rangi moja. Kwa hiyo mwanafunzi asikubali kuondoka na jina ya rangi peke yake. Aombe kipande cha kitambaa, ao aonyeshwe ku kartoni ya rangi, na aandike namba. Iko mupango wa namba unaoitwa RAL, ulianza ku Ujermani mu 1927, na unajulikana mu magazini mingi za rangi. RAL 6019 ni majani ya polepole, karibu na maziwa. RAL 6005 ni majani ya giza. Namba haina tafsiri. Inapita mu kinywa ya bantu watatu na inafika vile ilitoka, kama wameiandika.

Hii maneno ya kufikisha habari, wanamugodi wanaijua kuliko walimu wengi. Mufanyakazi wa chini ya udongo anapochukua taa yake anaacha jeto ku tablo, na mutu wa juu anatazama ile tablo na kujua nani eko chini. Saa ya kubadilisha posti, anayetoka hawezi kwenda kunawa mbele hajamwambia anayeingia: pale dari inalia, pale baruti haikulipuka yote, ile pompe inakufa-kufa. Anaiandika mu buku, na mwenzake anaisoma. Kila baba anayesoma hii gazeti ameisha kufanya hivyo mara elfu, na hajazani hata siku moja kama ni kazi ya klake.

Wazee wanakumbuka jina ya Marcinelle, ku Ubelgiji. Tarehe 8 ya mwezi wa 8, mwaka 1956, mu mugodi ya makala ya Bois du Cazier, bantu 262 walikufa. Ile asubui, ku metre 975 chini, gari ndogo ya makala ilisimama vibaya mu kaje, nusu ndani nusu inje. Mutu wa chini na mutu wa juu hawakusikilizana. Wa chini alizani kaje itangoja. Wa juu alizani anaweza kuivuta. Kaje ikapanda, gari ikagonga nguzo, ikakata bomba ya mafuta na kamba za umeme, moto ukawaka. Saluni iliyopakwa vibaya haiui muntu, tunajua. Lakini namna neno linavyopotea njiani ni ileile, na dawa yake ni ileile: anayepokea anarudilia alichosikia, na anayetoa anangoja mpaka asikie kama kimefika.

Basi, mu kaye ya mwanafunzi wa dekorasyo muingie nini? Tuchukue chumba moja na tuipime pamoja, mama aone kama hesabu haiko uchawi.

Chumba iko na metre 4 kwa metre 3.50, na ukuta uko na urefu wa metre 2.80. Kuzunguka kuta yote nne ni metre 15. Mara 2.80, tunapata metre karé 42. Tutoe mulango wa 0.90 kwa 2.10, na dirisha ya 1.50 kwa 1.20, pamoja ni 3.69. Inabaki 38.31. Rangi inapakwa mara mbili, kwa hiyo ni karibu 77. Litre moja ya rangi ya mayi, ku ukuta laini, inafunika karibu metre karé 10. Tunahitaji litre 8. Ukuta ukiwa na mikwaruzo, zaidi kidogo.

Sasa muone mwanafunzi aliyesahau kuandika "mara mbili". Ananunua litre 4. Rangi inaisha, anarudi ku magazini juma lingine, wanamupa bidoni ya jina ileile na namba ileile. Anapaka. Ikikauka, ukuta moja unaonekana kama si ndugu ya mwingine. Sababu? Ku bidoni iko namba ingine ndogo, ya lo, inayoonyesha siku walichanganya ile rangi ku kiwanda. Lo mbili zinaweza kuachana kidogo, na jua la saa nane linaonyesha yote. Karo ni vilevile: ku kartoni wanaandika ton na kalibre, na wewe unanunua zote za ton moja, na unaongeza karibu sehemu moja ya kumi juu ya zile zitakatwa ku pembe. Chumba yetu ya metre karé 14 inaomba 15.40. Mwanafunzi aliyeandika namba ya lo na ya ton mu kaye yake anaweza kurudi kutafuta. Asiyeandika anarudi kubahatisha.

Rido nayo iko na kesi yake, na hapa wamama washonaji watatuunga mukono. Fundi anatuma neno: "Dirisha ni 1.50." Mama anakata kitambaa ya 1.50 mara mbili kwa mikunjo. Siku ya kutundika, rido haifiki, sababu ile chuma ya rido iko na metre 2, inapita dirisha huku na huku. Kilichotumwa kilikuwa kweli, lakini hakikuwa kile mushonaji alihitaji. Mwanafunzi lazima ajiulize kila mara: huyu ninayemupa habari, mukono yake itafanya nini nayo? Mushonaji anataka urefu wa chuma, na toka chuma mpaka chini. Fundi wa umeme anataka kujua kabati itasimama wapi, asiweke prize nyuma yake. Fundi wa rangi anataka kujua kripi ya simenti iliwekwa siku gani. Hii ya mwisho, bantu wengi wanaizarau. Kripi mpya inaomba karibu juma ine kukauka, na wakati wa mvua zaidi. Ukipaka mbele, mayi inatafuta njia ya kutoka na kuacha madoa meupe ku ukuta. Tarehe moja, biki moja, na mwenye nyumba anaokoa kazi yote. Ni kintu kidogo sana, na ndiyo sababu hakuna anayeiandika.

Tena iko shida ya luga. Mwenye nyumba anasema Kiswahili, labda na Kiluba ao Kibemba ndani. Mchoro na devi vinaandikwa mu Kifaransa. Bidoni imetoka mbali, imeandikwa Kiingereza, ao Kichina, ao vyote viwili. Mwanafunzi ndiye anasimama katikati, na kama hasemi vizuri kwa kila upande, kazi inakufa mukononi mwake. Shule zinamufundisha kusema "enduit" na "sous-couche", na ni vizuri. Lakini mwenye nyumba alipe devi ya mistari kumi na tano bila kujua maana ya hata moja? Tunaona wazazi wanatia saini kwa haya, sababu hawataki kuonekana kama hawakusoma. Mwanafunzi wa kweli anakaa nao chini, anasoma mustari kwa mustari: hii ni kuziba mashimo, hii ni rangi ya chini ya kushikilia, hii ni mukono wa kazi. Ile dakika kumi inazuia kelele ya miezi.

Na telefone? Hatuikatai. Foto ya bidoni, ikionyesha namba, ni kintu kizuri. Foto ya ukuta mbele ya kripi kufungwa, ikionyesha kamba za umeme zinapita wapi, inaweza kuokoa muntu atakayetoboa ule ukuta baadaye kutundika foto ya ndoa yake. Umeme wa volti 220 hauulizi jina. Lakini telefone inaibiwa, inaanguka mu mayi, moto unaisha saa ile umeme umekatika mu kartie. Na mesaji ya sauti, ile ya dakika tatu, nani anaisikiliza mara ya pili? Ya telefone ihamishwe mu kaye kila jioni.

Tufike sasa ku jambo linalotuuma zaidi. Mu nyumba za zamani, rangi ya chini inaweza kuwa na risasi ndani, ile wanaita plomb. Mutoto anayepumua vumbi yake, ao anayetia vipande mu kinywa, anaharibika akili polepole, na hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Dunia haikuanza kuijua leo. Mwaka 1921, ku Geneva, mukutano wa kimataifa wa kazi ulipitisha patano ya namba 13 juu ya rangi nyeupe ya risasi mu kazi ya kupaka. Ilikataza kuitumia ndani ya nyumba, ikitoa ruhusa paka kwa sehemu chache kama gare za treni na viwanda. Na iliandika kama mafundi wa rangi sherti wapewe maagizo ya usafi yanayowahusu. Zaidi ya myaka mia moja imepita, na tunaona vijana wanakwaruza ukuta wa zamani na karatasi ya msasa, bila kitambaa ku pua, batoto wa nyumba wakicheza palepale. Wamama wa wanamugodi wanajua vumbi. Wanajua nguo ya kazi haifuliwi pamoja na ya mutoto. Ukuta wa zamani uloweshwe mayi mbele ya kukwaruza, batoto watoke, vumbi ipanguswe na kitambaa ya mayi pasipo kufagia kavu, na fundi abadilishe nguo mbele ya kurudi kwake. Hii nayo ni habari ya kazi. Iandikwe ku ukurasa wa kwanza wa kaye, na mwanafunzi aiseme kwa mwenye nyumba mbele hajagusa ukuta.

Wako mafundi wazee wanaotucheka. Wanasema: "Mimi nimepaka nyumba za wakubwa myaka makumi tatu, na sijashika kaye hata siku moja." Kweli, baba. Tunawaheshimu, na mukono yao tunaitamani. Kichwa yao ilikuwa kaye. Lakini walitumika nyumba moja kwa wakati, chini ya mukubwa mmoja, na rangi tatu ao ine. Leo kijana anashika shantie mbili, na mushonaji, na fundi wa karo, na mwenye nyumba anayeishi Kolwezi na nyumba yake iko Lubumbashi. Tena, mzee akigonjwa, ile kaye ya kichwa inalala naye ku kitanda.

Iko kizuizi kingine ambacho hakiandikwi mu buku yoyote ya shule: heshima. Kwetu kijana hamuambii mukubwa "sema tena". Anaitika "ndiyo, baba", anatoka, na huko inje anaanza kuulizana na wenzake baba alisema nini. Tunaelewa. Lakini iko namna ya kuuliza bila kukosa adabu: "Baba fundi, nirudilie maneno yako, unisikilize kama nimeshika vizuri." Hakuna mzee atakasirika kwa hiyo. Atafurahi kuona maneno yake inachungwa. Na kwa mwenye nyumba: "Mama, niandike mbele yako, kisha nikusomee." Wazazi, mufundishe hii kwenu ku nyumba. Mutume mutoto ku duka, na mbele hajatoka, arudilie.

Kwa wakubwa wa ateliye na wa shantie wanaopokea vijana wa staji, tuko na ombi. Wengi wanamuweka kijana afagie, abebe simenti, aoshe pinso, miezi mitatu. Kufagia haiko mubaya. Lakini siku ya kwenda kwa mwenye nyumba, kijana anabakizwa. Siku ya kupima, anashika mwisho wa metre bila kuambiwa namba. Devi anaiona ikiwa imefungwa mu anvelope. Anarudi ku shule na raporo ya kurasa makumi mbili, nusu imetolewa ku ya mwenzake wa mwaka jana, na mwalimu anaipa pointi. Mumupeleke ku ile ziara ya kwanza. Mumuache asikie mwenye nyumba anavyobadilisha akili mara tatu mbele ya chai. Aandike, apime yeye mwenyewe na mumupime nyuma yake, na jioni mutazame kaye yake na kuweka saini.

Na kwa shule: ile raporo ya mwisho wa staji, muombe kaye ya shantie pamoja nayo, ile yenyewe, na madoa yake ya rangi na mukono wa fundi chini ya kila siku. Anayesahihisha ataona mara moja nani alikuwa pale, na nani alikaa ku nyumba.